Kabla hujayasugua, jua doa limetoka wapi!

Msomaji wangu, unaweza ukavaa ukavalia. Suruali imenyooshwa mpaka inakata, kiatu kinang'aa, manukato yanatangulia mita kumi mbele yako. Shingo za watu zinakatika. Lakini ukifungua kinywa tu ukacheka, hapo ndipo watu wanapotoa hukumu. Meno hayana mtumba wa kuyafichia.

Ndiyo maana vijana wenzangu wa mjini mmeshikwa na homa moja kali: homa ya meno meupe. Huyu anasugua mkaa, yule anakamulia ndimu, mwingine kaahidiwa na fundi wa saluni kwamba dakika ishirini zinatosha kumtoa na meno kama ya msanii wa sinema. Kila mtu ana dawa yake, na kila mwenye dawa anaapa kwa jina la mama yake kwamba inafanya kazi.

Sikatai mtu kutaka kupendeza. Mimi mwenyewe ni kijana na kioo nakiangalia. Ila nimelifuatilia suala hili kwa muda, nikasoma na kuulizauliza, na nimeona wengi tunaanzia mwisho. Tunauliza "dawa gani?" kabla ya kuuliza "doa gani?" Ugomvi wangu na ninyi leo uko hapo.

Jino jeupe pee ni la nani?

Tuanze na jino lenyewe. Kwa juu limevikwa tabaka gumu linaloitwa enameli. Hiki ndicho kitu kigumu kuliko vyote mwilini mwa binadamu, hata mfupa haufui dafu. Chini yake kuna tabaka jingine, dentini, ambalo kwa asili lina rangi ya umanjano. Enameli inapitisha mwanga kidogo, kwa hiyo ule umanjano wa ndani unaonekana kwa nje. Kwa maneno mengine, jino zima lenye afya haliwi jeupe kama karatasi. Madaktari wa meno wana kipimo maarufu cha kulinganishia rangi chenye vivuli 16, na meno ya watu wenye afya njema kabisa yametawanyika humo.

Sasa shika hili ulifungie kwenye leso: enameli ikishalika, haioti tena. Ukucha unaota, nywele zinaota, ngozi ikichubuka inajirudi. Enameli ikienda imekwenda. Na inavyozidi kuwa nyembamba, ule umanjano wa dentini ndio unazidi kujitokeza. Umeona maajabu hayo? Mtu anakwangua meno ili yawe meupe, na mwisho wa safari yanakuwa manjano kuliko yalivyokuwa mwanzo!

Madoa ya nje: wageni wa mlangoni

Doa la kwanza ni lile linalokaa juu ya jino. Linaletwa na chai ya rangi, kahawa, sigara, ugoro, tambuu, mirungi, divai nyekundu. Hata baadhi ya dawa za kusukutulia zenye klorheksidini, ukizitumia kwa wiki kadhaa, huacha rangi ya hudhurungi. Haya ni madoa ya mlangoni, hayajaingia ndani ya nyumba.

Haya ndiyo rahisi. Mswaki laini mara mbili kwa siku, dawa ya meno yenye floraidi, dakika mbili kila mara, kisha mara moja moja kwenda kusafishwa kinywa na daktari wa meno ili aondoe ukoga uliogandamana. Watu wengi wakishasafishwa tu hivyo wanajikuta hawana haja tena ya kung'arisha kitu. Kumbe lililokuwa linawasumbua lilikuwa ukoga, bwana!

Hata mswaki wa mti, ule waliokuwa wakiutafuna babu zetu na ambao Pwani haujawahi kupotea, si ushamba. Shirika la Afya Duniani limeupa baraka kwa jamii zilizouzoea. Cha msingi utafune ncha mpaka iwe laini na uutumie taratibu, usije ukachoma fizi kama unachokonoa shimo la panya.

Na hizi dawa za meno zilizoandikwa kwamba zinang'arisha? Nyingi zina chembechembe za kusugua zinazoondoa madoa ya nje basi. Nyingine zina rangi kidogo ya buluu inayozuga macho, umanjano usionekane sana kwa muda. Mchezo ni ule ule wa kutia bluu kwenye shati jeupe. Kubadili rangi ya ndani ya jino haziwezi.

Madoa ya ndani: wenye nyumba

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo watu wanapoumizana.

Namfahamu dada mmoja mzaliwa wa Arumeru, mkoani Arusha. Ni mzuri wa sura na hodari wa maneno, lakini akicheka lazima mkono uende mdomoni. Meno yake ya mbele yana mistari ya kahawia. Alipohamia Dar es Salaam alikutana na kila aina ya kejeli. "Kwenu hakuna miswaki?" "Piga mswaki basi, anti!" Dada wa watu anapiga mswaki mara tatu kwa siku, pengine kuliko hao wanaomcheka. Kwa hasira akaanza kusugua majivu, baadaye mchanga laini, baadaye akawa anakwangua kwa wembe. Rangi haikutoka. Alichopata ni meno yanayomtia ganzi kila akigusa maji ya baridi.

Jamani, yale siyo uchafu! Ni floraidi. Ni madini yaliyomo kwenye maji ya maeneo mengi ya Bonde la Ufa na jirani zake, kwenye ardhi iliyotokana na volkano. Kwetu utayakuta Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida, Shinyanga, hata sehemu za Mwanza. Kenya wanayo huko Nakuru. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Sasa nenda kwenye miteremko ya Mlima Meru uone visima na mito inayovuka kipimo hicho mara kadhaa. Maziwa ya Momella, ndani ya Hifadhi ya Arusha, yamewahi kupimwa yakakutwa na miligramu mia kadhaa kwa lita! Hakuna anayekunywa hayo, lakini yanakuonyesha ardhi ya huko imebeba nini.

Floraidi kidogo ni rafiki wa meno, ndiyo maana imo kwenye dawa ya meno. Ikizidi kwa mtoto ambaye meno yake ya ukubwani bado yanajengeka ndani ya taya, enameli inatengenezwa na kasoro. Jino linachomoza likiwa tayari na mabaka meupe kama chaki, au ya kahawia, na likizidiwa sana linakuwa na vishimo. Kipindi cha hatari kwa meno ya mbele ni miaka ya mwanzo kabisa, na ukishavuka umri wa miaka minane hivi, yale yanayoonekana ukicheka yameshamaliza kujengeka. Kwa hiyo wewe uliyekulia Temeke ukahamishiwa kazi Arusha ukiwa na miaka 25, acha woga, meno yako hayatageuka kahawia. Na yule aliyezaliwa kule hawezi kuyasugua yakageuka meupe. Rangi hiyo haikupakwa juu, imefinyangwa pamoja na jino.

Na usidhani ni aibu ya Afrika peke yake. Mwaka 1901 daktari kijana wa meno, Frederick McKay, alifungua kazi katika mji wa Colorado Springs huko Marekani akakuta wenyeji wengi wana meno ya kahawia. Watu walikuwa na maelezo yao ya kila aina. McKay alihangaika na fumbo hilo kwa miaka 30, mpaka mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill alipoyapima maji na kumkuta mchawi mwenyewe: floraidi. Na tangu mapema McKay alishagundua jambo jingine la ajabu, kwamba meno yale ya kahawia yalikuwa hayaozi ovyo. Kwa hiyo ukimcheka mwenye meno hayo, ujue huenda wewe mwenye meno meupe ndiye utakayewahi kukalia kiti cha kung'olea!

Madoa mengine ya ndani ni yale ya dawa aina ya tetrasaiklini, ambayo mama mjamzito au mtoto wa chini ya miaka minane akiitumia inaweza kuacha mistari ya kijivu au ya kahawia kwenye meno ya mtoto. Kuna jino lililopigwa kiwiko kwenye mpira likafa ndani kwa ndani, likageuka kijivu peke yake. Na kuna umri, maana kila mwaka unaoongezeka enameli inalika na dentini inazidi kukolea. Kila moja kati ya haya lina tiba yake. Sasa wewe unawezaje kuyatibu yote kwa kipande kimoja cha ndimu?

Dawa za jikoni

Tuiseme hiyo ndimu yenyewe. Enameli huanza kuyeyuka asidi inapokuwa kali kupita kipimo fulani, na maji ya ndimu yamekipita kipimo hicho kwa mbali sana. Ukisugua meno kwa ndimu, kweli kwa siku mbili tatu yataonekana meupe, kwa sababu umeyachubua. Baadaye yanakufa ganzi, yanapoteza mng'aro, na umanjano unajitokeza. Ndimu ni ya supu, siyo ya meno.

Mkaa nao umekuwa fasheni, siku hizi unauzwa hadi kwenye vikopo vya kifahari. Mwaka 2017 jarida la Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani lilichapisha uchambuzi wa tafiti zilizokuwepo kuhusu mkaa, na hitimisho lilikuwa kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuwa unang'arisha wala kuwa ni salama. Mkaa unakwangua. Utaondoa doa la chai leo, na ukiendelea kila siku utaanza kula enameli kesho.

Majivu na mchanga, usiniulize. Hivyo ni vya kusugulia sufuria.

Baikaboneti, ile ya kuumulia maandazi, ina unafuu. Haikwangui sana na imo hata kwenye baadhi ya dawa za meno. Ila nayo ni kwa madoa ya nje tu, na peke yake haina floraidi ya kulinda jino. Usije ukaichanganya na ndimu, maana hapo umeanza kutengeneza soda mdomoni.

Dawa yenyewe inaitwa peroksaidi

Ukiacha porojo, kitu kinachobadili rangi ya jino kwa ndani ni kimoja: haidrojeni peroksaidi, au ndugu yake kabamidi peroksaidi ambayo ikilowa hutoa hiyo hiyo haidrojeni peroksaidi. Inapenya kwenye enameli na kuvunjavunja chembe zenye rangi. Tofauti iko kwenye ukali na kwenye mkono unaoishika.

Njia ya kwanza ni kliniki. Daktari anakagua kinywa, anatibu yaliyooza, anasafisha ukoga, kisha anafunika fizi zako kwa kinga maalumu ndipo anapaka dawa kali. Marekani, kwa mfano, madaktari hutumia hata asilimia 25 mpaka 40. Unatoka siku hiyo hiyo na tofauti unaiona. Ile taa ya buluu inayowekwa mbele ya mdomo ina mbwembwe nyingi, lakini tafiti nyingi hazikuona kwamba inaongeza kitu kikubwa. Usilipe zaidi kwa ajili ya taa.

Njia ya pili unaifanyia nyumbani lakini kwa usimamizi wa daktari. Anachukua umbo la meno yako, anakutengenezea trei nyembamba ya plastiki inayokaa sawasawa, na kukupa jeli ya kabamidi peroksaidi, mara nyingi ya asilimia 10, ambayo ni sawa na haidrojeni peroksaidi asilimia 3.5 hivi. Unaivaa usiku, wiki mbili au zaidi. Njia hii ilitangazwa rasmi na wataalamu wa Marekani, Haywood na Heymann, mwaka 1989, na mpaka leo ndiyo inayosifiwa kwa usalama wake. Ni ya polepole, lakini mwisho wa siku matokeo yanakaribiana na ya kliniki.

Njia ya tatu ni vile vibandiko na trei za kununua dukani. Vibandiko vyenye dawa hafifu vinaweza kusaidia kiasi. Trei ya saizi moja kwa watu wote inavujisha dawa kwenye fizi, na fizi ikiungua utaikumbuka safu hii.

Yapo mambo matano ambayo muuzaji hatakwambia. Meno yanaweza kukufa ganzi kwa siku kadhaa, kwa kawaida yanarudi. Jino lililozibwa au kuvikwa kofia halibadiliki rangi, kwa hiyo unaweza kuishia na kinywa cha rangi mbili kama jezi. Jino lililotoboka likiingiwa na dawa utaliona jua saa nane za usiku. Wajawazito wanashauriwa kusubiri, na wenye umri chini ya miaka 18 waache kwanza. La mwisho, rangi hairudi milele: chai, sigara na umri vitaanza tena kazi yao, na baada ya mwaka mmoja au michache utahitaji kurudia.

Saluni si hospitali

Hapa nitasema kwa sauti. Ile dawa ya maji ya saluni inayochanganywa na rangi ya nywele ni haidrojeni peroksaidi pia. Chupa iliyoandikwa 20 ina asilimia 6, ya 30 ina asilimia 9, ya 40 ina asilimia 12. Imetengenezwa kwa nywele, siyo kwa kinywa. Ukiona mtu anataka kukuingizia mdomoni kitu kutoka kwenye rafu ya rangi za nywele, chukua mkoba wako uondoke, hata kama umeshakaa kwenye kiti.

Wenzetu wa Umoja wa Ulaya hawakulifanyia mzaha jambo hili. Tangu Oktoba 2012 sheria yao inasema dawa ya kung'arishia meno yenye haidrojeni peroksaidi zaidi ya asilimia 0.1 mpaka 6 iuzwe kwa madaktari wa meno tu, mara ya kwanza ipakwe na daktari au chini ya macho yake, na asipewe mtu wa chini ya miaka 18. Zaidi ya 6 kwa ajili ya urembo ni marufuku. Hapa kwetu daktari wa meno anapaswa kusajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Muulize usajili wake bila haya. Mbona fundi simu unamuuliza kama ana uzoefu kabla hujampa simu yako?

Na wenye meno ya floraidi je?

Matumaini yapo. Kama mabaka ni mepesi, daktari anaweza kutumia njia ya kuondoa tabaka jembamba sana la juu kwa asidi na unga maalumu, kisha akang'arisha kwa peroksaidi ili rangi zilingane. Yakiwa yamezama, anaweza kuziba kwa dawa yenye rangi ya jino, au kubandika vinia, vile vigamba vyembamba vya kufunika uso wa jino. Vinia vina gharama na mara nyingi jino linachongwa kidogo, kwa hiyo siyo jambo la kuamua kwa mkumbo. Anza na njia nyepesi kabla ya nzito. Na ukiamua kuyaacha kama yalivyo, ni meno yako na yanatafuna vizuri tu.

Lakini kazi kubwa iko kwa watoto, na wengi wetu wasomaji wa ukurasa huu tumeshaanza kuitwa baba na mama. Kama mnaishi kwenye maji ya floraidi, kuyachemsha hakusaidii. Maji yanapungua, floraidi inabaki, inazidi kukolea. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri hayana tatizo hilo. Upo pia mchujo wa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha, kimeufanyia kazi kwa miaka mingi. Na ile magadi ya kulainishia makande na maharage nayo hubeba floraidi, hivyo mtoto mdogo mpikie bila hiyo. Ikizidi sana madhara hayaishii kwenye meno, inapinda mpaka miguu ya watoto. Waulize wakazi wa Arumeru.

Basi, msomaji wangu, kabla hujatoa hata shilingi, nenda kakae kwenye kiti cha daktari wa meno umuulize swali moja tu: "Doa langu ni la nje au la ndani?" Jibu hilo ndilo litakalokwambia kama unahitaji mswaki mpya, trei, kigamba, au huhitaji kitu chochote.

Na ninyi mnaopenda kuwauliza watu wa kaskazini kama kwao kuna miswaki, sasa mnajua. Mkirudia tena, hiyo itakuwa roho mbaya, na roho mbaya haina dawa ya kusugulia.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.